Thamani ya Kitabu cha Wakili

Siku Jalada alipovunjwa mkono alikuwa ametoka kuhesabu kurasa mia sita na kumi na mbili za kitabu cha sheria, akatafuta nne zaidi asizione.

Jina la Jalada alipewa na watu wa mtaa, na alilizoea kiasi kwamba hata binti yake alijulikana kama mtoto wa Jalada. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye mabega ya mbeba mizigo. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu, kuvitia majalada na kutengeneza vilivyochakaa. Ofisi zilimletea rejista, shule zilimletea kamusi zilizokatika mgongo. Na kwa kuwa mjini hapakuwa na mwingine aliyejua, wenye vitabu vya kale walimwendea awaambie kitabu chao kina hali gani na kinaweza kupata bei gani. Hakuwa mtu wa kumpaka mwenziwe mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukimpelekea takataka atakwambia ni takataka, kisha atakurudishia ikiwa imefungwa vizuri kwenye karatasi.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na aliirithi kwa kipigo. Baba alitengeneza vitabu vya mahakama. Mbele ya makarani alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Nyumbani alikuwa na rula ya chuma. Mshono ukienda upande, rula. Gundi ikivuja ukingoni, rula. Jalada alianza kushona akiwa na miaka tisa, na alipofika kumi na mitano kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimevimba na kunywea mara nyingi mno hata hakikurudi umbo lake. Kaka yake, aliyempita miaka minne, alivumilia mpaka siku alipomvunja baba yao taya kwa ngumi moja, jikoni, kabla ya chai ya asubuhi. Akatoka na shati alilovaa, wala hakurudi hata mazikoni. Jalada alibaki. Alimnywesha baba maziwa kwa mrija wiki sita. Baba alipopona akaokota rula yake.

Mzee alipofariki, Jalada aliiuza ile rula kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akaapa kwamba mkono wake hautamwangukia mtu. Alimlea binti yake bila hata kofi moja. Mume alimpata, wakashindwana, wakaachana kwa maneno matupu. Miaka ishirini na saba kiapo hicho hakikumpa taabu, labda kwa sababu hakuna aliyemjaribu.

Wale ndugu wawili walifika Jumanne asubuhi. Mkubwa aliitwa Tingatinga. Alikuwa na malori matatu ya kubebea mchanga, na shingo yake ilianzia masikioni. Mdogo alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, shati limechomekwa vizuri, mdomo umepasuka na damu imegandia pembeni. Vifundo vya ngumi ya Tingatinga vilikuwa vimechubuka. Jalada aliviona vyote viwili kabla hajakitazama kitabu, maana kazi yake ndiyo hiyo, kuona palipoharibika.

Baba yao, wakili, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Nyumba na shamba waligawana bila kesi. Kilichobaki ni kitabu kinene cha sheria ya ushahidi, kilichopigwa chapa karibu miaka mia mbili iliyopita, ambacho marehemu alikitumia ujana wake wote na kukiweka mezani uzee wake wote. Mwalimu alidai baba alimwahidi. Tingatinga alidai ahadi ya maiti haina shahidi, na tena kuna mtu alimwambia vitabu vya namna hiyo hununua nyumba.

"Mama, hatuna maneno mengi," Tingatinga alisema. "Tupe bei. Tukishaijua, ama anikatie changu, ama kinauzwa."

"Bei huja mwisho," Jalada alimjibu. "Kaeni."

Mwalimu akakaa. Kaka yake alibaki wima.

Jalada alinawa mikono, akaikausha, akatandika kitambaa juu ya meza ya bati na kukilaza kitabu kati ya mito miwili midogo ili kisifunguke kupita kiasi. Alianza nje. Ngozi ilikuwa ya ndama, ya kahawia, imeanza kugeuka unga mwekundu unaobaki vidoleni. Kwenye pembe nne mtu alikuwa amepigilia vipande vya shaba, vizito, vyenye ncha. Hivyo havikuwa vya asili, viliongezwa baadaye ili pembe zisichakae. Akafungua. Ukurasa wa jina ulikuwepo, lakini alipouinua kwenye mwanga wa dirisha aliona karatasi yake si ndugu wa zile nyingine. Ulikuwa nakala, umebandikwa kwa ustadi. Wadudu walitoboa tundu moja kutoka sura ya kwanza hadi ya tatu, nadhifu kama la sindano. Palikuwa na madoa ya rangi ya kutu, si mengi. Pambizoni marehemu aliandika kwa wino wa bluu, majina ya kesi na tarehe zake, herufi ndogo zilizonyooka. Akahesabu kurasa, na mwisho kabisa akakuta zile nne, zilizobeba jedwali kubwa la kukunjwa, zimekatwa kwa wembe miaka mingi nyuma.

Kazi hiyo ilichukua saa moja na nusu. Muda wote huo Tingatinga alitembea huku na huku kwenye sakafu ya saruji akigusa kila kitu: visu, sindano, gurudumu la mashine ya chuma ya kubania vitabu, nyundo ya kichwa cha mviringo.

"Usiguse zana zangu, mwanangu," Jalada alisema bila kuinua uso.

Mgongo aliuacha wa mwisho. Ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi karibu na chini, jalada la mbele limening'inia kwa nyuzi mbili. Alisogeza kioo cha kukuzia. Ngozi iliyopasuka zamani huwa nyeusi ndani, kwa vumbi na jasho la mikono. Hii ilikuwa bado nyeupe.

"Kingekuwa kizima," alisema, "kina ukurasa wake wa jina na lile jedwali, mngenunua nacho lori. Si nyumba. Lori kuukuu. Kwa jinsi kilivyo, mtapata baiskeli nzuri."

"Baiskeli," Tingatinga alirudia.

"Na wiki iliyopita mngepata baiskeli mbili."

Hilo Jalada angeweza kulimeza. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakulimeza. Lakini alikuwa amezoea kusema hali ya kitu ilivyo mpaka mwisho, naye akaendelea. "Mpasuko huu ni mpya. Kimevutwa na watu wawili."

Mwalimu alitazama mikono yake. "Nilimwambia akiachie," alisema polepole.

"Wewe ndiye uliyevuta," Tingatinga alisema.

"Ulikuwa umenikaba koo, kaka. Nilikishika nisianguke."

Tingatinga alimfikia kwa hatua mbili. Alimkamata mdogo wake ukosi, akamwinua kitini kama mtu anayeinua mfuko wa saruji, akampigiza uso kwenye fremu ya ile mashine ya kubania. Jino lilianguka sakafuni na kuruka mara mbili. Mwalimu hakupiga kelele, wala hakuinua mkono kujikinga, na hilo lilimshtua Jalada kuliko damu. Alimwona mtu aliyezoea.

"Nje," Jalada alisema. "Wote wawili, nje."

Tingatinga alimpigiza tena. Kisha akamwachia, akageuka, na mkono wake ukaikuta nyundo mahali alipokuwa ameigusagusa asubuhi nzima. Jalada alikuwa tayari ameshazunguka meza. Hakufikiri. Alinyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa cha Mwalimu, nyundo ikashuka, mfupa ukalia kama kuni kavu. Aliuona mkono wake umepinda mahali pasipo na kiungo.

Mashine ile hukazwa kwa mtaimbo mfupi unaochomekwa kwenye gurudumu. Jalada aliuchomoa kwa mkono wa kushoto, ule wa kifundo kibovu, akampiga Tingatinga gotini kwa nguvu zake zote. Goti lilienda upande. Yule mtu alianguka mzima mzima, nyundo ikateleza chini ya kabati. Hapo shughuli ingeishia. Lakini Jalada aliinua tena mtaimbo. Alikuwa akimtazama kichwani, mahali nywele zilipoanza kupungua, na moyoni aliona utamu, utamu wa wazi, kama mtu mwenye kiu anayeona maji. Hajui angefanya nini. Hakupata nafasi ya kujua, kwa sababu Mwalimu alimpita.

Mwalimu wa hesabu alikaa juu ya kifua cha kaka yake. Alikichukua kitabu mezani kwa mikono miwili, akakiinua juu, akakishusha kwa pembe. Shaba iliingia jichoni. Tingatinga alitoa sauti ambayo ilisikika mpaka kwa fundi cherehani jirani. Mwalimu akainua tena, akashusha. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama mtu anayegonga muhuri kwenye barua. Mara ya tatu jalada la mbele likang'oka, likaruka hadi mlangoni.

"Mwache, utamuua," Jalada alisema, naye mtaimbo bado uko mkononi. Aliutupa. Alimkamata Mwalimu nywele, akavuta. Kiwiko kikarudi nyuma, kikampasua mdomo. Aliendelea kuvuta, damu ikimwingia kooni, mpaka fundi cherehani alipoingia mbio na futi ya kamba ikining'inia shingoni, akamzungushia Mwalimu mikono kiunoni na kumburuta nje kwa nguvu zake zote. Barabarani Mwalimu alikaa chini ukingoni mwa mtaro. Askari walipofika aliwanyooshea mikono mwenyewe.

Tingatinga alipoteza jicho la kushoto. Goti lilipona kwa kuchechemea. Jalada alifungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, na binti yake, ambaye ni muuguzi, alimwogesha kama mtoto.

"Mama, nasikia watu wanakusifu," binti alisema siku moja akimsugua mgongo. "Wanasema uliokoa maisha ya watu wawili."

"Wamekosea hesabu," Jalada alisema. "Mmoja nilitaka kumuua."

Binti alidhani ni dawa za maumivu.

Wiki ya tano Tingatinga alikuja karakana, akiwa nje kwa dhamana kwa kosa la kumvunja Jalada mkono. Alisimama mlangoni na fimbo, kitambaa cheupe kimefunika jicho. Jalada alisogea mpaka nyuma ya meza.

"Sikuja kwa ubaya," Tingatinga alisema.

"Kaa palepale. Mlango uache wazi."

Akakaa. Alipangusa jasho shingoni. "Nasikia utaitwa shahidi kwenye kesi ya mdogo wangu. Utasema nini?"

"Nitasema nilichoona. Wewe ulianza, yeye akamalizia. Ulikuwa chini, huna nyundo, huna kitu. Amekupiga mara tatu, na tusingemtoa ungekuwa marehemu."

"Hujui yaliyotangulia."

"Niambie."

Tingatinga alizungumza akitazama sakafu. Alianza yeye ana miaka tisa na mdogo ana sita, kwa sababu ya shati lililomwagiwa wino. Alimpiga kwa mkanda mpaka mtoto akajikojolea, na aliona jinsi ilivyo rahisi. Baada ya hapo hakuhitaji sababu. Alimvunja kidole. Alimsukuma ngazini. Alimtumbukiza kichwa kwenye pipa la maji na kuhesabu hadi thelathini.

"Na mzee wenu? Wakili mzima, mtetezi wa watu?"

"Alikuwa anasoma chumba cha pili. Tukizidi kelele alikuwa anainuka kufunga mlango." Tingatinga aligeuza fimbo mkononi. "Hata ukubwani sikuacha. Siku ya harusi yake nilimzaba kofi uani, mkewe anaona. Hakuwahi kunirudishia, mama. Miaka thelathini na minne, hata siku moja. Mpaka siku ile."

Jalada alimkumbuka kaka yake jikoni. Alikuwa amemlaumu kwa ile ngumi moja tangu akiwa msichana, na kwa kumwacha peke yake na mzee. Hakuwahi kujiuliza yule kijana alipigwa mara ngapi kabla dada yake hajafikia umri wa kukumbuka.

"Unataka nini kwangu?" aliuliza.

"Uyaseme hayo mahakamani. Wewe watakuamini."

"Mimi sikuyaona."

"Si nimekwambia mimi."

"Basi una kinywa. Kayaseme mwenyewe."

"Mama, nina biashara. Nina watoto wananiheshimu. Nikisimama pale nikasema..."

"Mimi nimebaki na mkono mmoja," Jalada alimkata kauli. "Na huo mmoja wenyewe mbovu. Hautoshi kukubebea na hilo. Nenda, mwanangu. Chunga ngazi hapo mlangoni."

Kesi ilisikilizwa mwezi wa tatu, chumba cha ghorofa ya kwanza chenye feni moja na mabenchi yaliyochanika. Karani alileta kitabu ndani ya mfuko wa plastiki wenye lebo. Alipokuwa akikifungua alimnong'oneza Jalada, "Kilifundisha ushahidi, leo chenyewe ndicho ushahidi." Jalada hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka.

Walimwomba akikague kama mtaalamu. Alivaa glavu, akaomba mtu amfungulie kurasa, kwa kuwa vidole vya kulia vilikuwa havijakunjika. Akaeleza. Jalada la mbele limeng'oka kabisa. Pembe moja ya shaba imepinda, misumari miwili imetoka. Damu imeingia pembeni na kushuka kati ya kurasa, imegandisha sura nzima ya tano kuwa kipande kimoja, haiwezi kufunguliwa bila kuchanika. Kuna unywele.

"Thamani yake kwa sasa?" hakimu aliuliza. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani aliyoivaa kwenye ncha ya pua.

"Hakina, mheshimiwa. Nisingekinunua, wala nisingemshauri mtu akinunue."

"Na pigo la namna hiyo, kwa pembe hiyo, linahitaji nguvu kiasi gani?"

"Kitabu kina uzito wa karibu kilo nne. Ukikiinua juu ya kichwa, uzito wenyewe unatosha. Yeye aliongeza na nguvu zake."

Mwalimu, kizimbani, aliinamisha kichwa. Alikuwa amekonda, na kwenye shavu alikuwa na mchubuko mpya ambao hakuupata kwa kaka yake. Mahabusu nako kuna wababe wake.

Jalada alisema pia jambo ambalo hakuulizwa. "Mimi nami nilimpiga yule bwana. Goti lake ni kazi yangu. Na nilitaka kumpiga kichwani." Hakimu aliandika, akamwambia hashitakiwi, akae. Akakaa.

Ndipo Tingatinga akaitwa kama mlalamikaji. Alipanda na fimbo yake. Mwendesha mashtaka alimuuliza alivyopigwa, akajibu kwa kifupi. Alipoambiwa amemaliza hakushuka.

"Kuna mengine," alisema. Na akayasema, tangu shati la wino. Aliyasema vibaya, akirukaruka miaka, akikohoa, jasho likiloweka kitambaa cha jichoni. Alipofika kwenye pipa la maji, mke wake, aliyekuwa benchi la pili, aliwashika watoto mikono na kutoka nao nje. Tingatinga aliwaona wakitoka, naye akaendelea. Mwalimu alikuwa ameziba masikio kwa viganja. Askari alimshusha mikono mara mbili, mara ya tatu akamwacha.

Mwalimu alipata kifungo cha mwaka mmoja. Bila maneno yale, wakili wake alisema, ingekuwa mitano. Tingatinga alihukumiwa miezi minane kwa mkono wa Jalada, katika kesi yake mwenyewe. Waliwekwa magereza tofauti kwa ombi la mdogo. Mke wa Tingatinga aliwachukua watoto akahamia kwa dada yake. Malori mawili yaliuzwa. Iliamriwa warithi warudishiwe kitabu, na wote wawili walitia sahihi ya kukikataa.

Jalada alikuwa amerudi kazini kabla plasta haijatoka. Mkono ulipopona haukukunja ngumi tena, kwa hiyo alijifunza kushona kwa kushoto. Mishono yake ikawa mikubwa kidogo. Alitafuta namba ya kaka yake kwa watu wa ukoo mwezi mzima. Alipoipata alijibiwa na mjane, aliyemwambia mumewe alifariki miaka sita iliyopita, na kwamba alikuwa baba mzuri, asiyependa kuguswa akiwa usingizini.

Mwalimu alifika karakana wiki mbili baada ya kutoka. Shule ilikuwa imeshamfuta kazi. Alisimama mbele ya meza kama mwanafunzi.

"Nimekuja kukuomba radhi kwa ajili ya mdomo, mama. Niliambiwa nilikupiga kiwiko."

"Hukumbuki?"

"Nakumbuka kila kitu. Ila nilidhani ni mtu mwingine ananivuta."

Jalada alimsogezea kiti. Alimtazama kwa muda, kisha akamwambia jambo ambalo binti yake hakulielewa na hakimu hakulitaka. "Nilipompiga kaka yako niliona raha. Tangu siku ile najiogopa."

Mwalimu alipapasa kwa ulimi pengo la jino lililong'oka. "Mimi sikuona raha," alisema. "Sikuona hasira wala uchungu. Palikuwa kimya kabisa humu ndani. Nilikuwa nahesabu tu. Moja, mbili, tatu. Afadhali yako, mama. Wewe ulijua kuna mtu pale chini."

Hawakuzungumza zaidi kuhusu hilo. Mwalimu alimweleza kwamba amepata kazi ya kuandika vipimo kwenye kiwanda cha mbao, mji mwingine, na kwamba mkewe amekubali kumfuata baada ya muhula wa watoto kwisha. Kuhusu kaka yake alisema kwamba kaka huyo amemwandikia barua, na yeye ameipokea ila hajaifungua. Jalada hakumshauri aifungue, wala hakumshauri aichome. Alimsindikiza hadi mlangoni, akarudi kwenye rejista za shule zilizomsubiri, kumi na nane, zinatakiwa Ijumaa.